Barua Mbili za Ploti Arobaini na Saba

"Rudia," akasema Sajini Kanyiva.

"Madam, hii itakuwa mara ya nne."

"Na nikitaka itakuwa ya tano. Rudia."

Kombo akashusha pumzi, akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Kibanda chake hapo mtaa wa Ziwani, Nairobi, kilikuwa kimejaa matumbo ya redio na televisheni hadi mgeni alilazimika kukaa upande. Juu ya meza, kwenye gazeti la juzi, zililala barua mbili. Zote zilitoka Kikundi cha Mwangaza, chama cha kununulia wanachama viwanja. Zote zilisema mwenye barua amegawiwa ploti nambari arobaini na saba kule Njiru, nje ya Barabara ya Kangundo. Ila moja ilikuwa na jina la Nzivo, mshonaji wa akala, viatu vya matairi, soko la Kariokor, ambaye asubuhi hiyo ya Ijumaa alikuwa amekalia sakafu ya seli. Nyingine ilikuwa na jina la Thuo, mwenye duka la mabati na misumari, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa kwake akinywa chai.

"Kikundi waliogopa barua zao zitaigwa," Kombo akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma ubao. "Wakaniambia niwape kitu kama kile cha kwa noti, ukiinua kwa mwanga unaona. Nikawatengenezea alama ya maji. Barua ikishaandikwa kwa kompyuta, kabla haijaenda kwa printa, programu yangu inaichukua ile faili, inaiwekea maandishi hafifu huku nyuma, yamelala mshazari. Jina la kikundi, nambari ya ploti, tarehe na saa."

"Uliiandika yote wewe?"

"Kazi ngumu inafanywa na maktaba."

Kanyiva akamtazama.

"Si ya vitabu, madam. Ni vipande vya programu ambavyo mtu mwingine ameviandika, akavipanga tayari. Mimi navitumia tu: weka maneno haya, yapauke hivi, yalale hivi. Wewe ukitaka mlango huanzi kupanda mti, si unaenda kwa seremala?"

"Na tarehe?"

"Hiyo inatoka kwa saa ya kompyuta yenyewe. Hakuna mtu anaichapa. Hapo ndipo utamu wake. Karani anaweza kudanganya, kompyuta haidanganyi."

Kanyiva akainua barua ya Nzivo mbele ya taa. Nyuma ya maandishi meusi yakatokea yale ya kijivu, madogo, hafifu kama pumzi kwenye kioo: MWANGAZA, PLOTI 47, 01-01-80, 02:17. Akainua ya Thuo: MWANGAZA, PLOTI 47, 18-04-97, 10:32.

Kwa tarehe hiyo tu Inspekta Matheka alimkamata Nzivo. Jana yeye na Thuo walikuwa wameshikana mashati wakigombania nguzo za ua kule Njiru. Inspekta akazichukua barua zote mbili, akazitazama juani, akacheka. Barua iliyoandikwa kwa juu kuwa ni ya Machi tarehe kumi na mbili, mwaka wa tisini na saba, nyuma yake inasema ni ya mwaka wa themanini! Mwaka huo kikundi hakikuwepo. Kompyuta yenyewe haikuwepo. "Huyu hata kughushi hajui," alisema Inspekta, na jalada likafungwa. Nzivo angefikishwa kwa hakimu leo, ajibu shtaka saa nane mchana. Akipatikana na hatia, ni jela, na ploti ni ya Thuo.

"Nieleze jambo moja," Kanyiva akasema. "Mtu ameweza kuiga rangi yako, mlalo wako, herufi zako, hata nafasi baina ya maneno. Linganisha mwenyewe. Halafu anashindwa kuandika mwaka?"

Kombo akazipandanisha barua, akazitazama kwa muda. Kucha zake zikakuna kidevu.

"Labda alikuwa na haraka."

"Haraka ya miaka kumi na saba?"

"Madam, mimi niliwawekea tu programu, nikaijaribu kwangu, ikafanya fiti. Mambo ya huko ofisini muulize Nuha, yule msichana wao wa kuchapa. Ama katibu."

Katibu alikuwa ameulizwa tayari. Mzee Ndete, tai shingoni, saa kubwa mkononi, alimpokea Kanyiva mlangoni pake saa moja asubuhi na kumwambia kwa adabu zote kwamba nakala za barua ziko kwenye diski, diski iko kabatini, kabati liko ofisini, na ofisi haina stima, umeme umekatika tangu jana. Angekuja kufungua saa sita, stima zikipenda.

Kanyiva akatoka kwa Kombo akijua anachotaka: barua ya tatu. Yoyote. Ya mwanachama ambaye hana ugomvi na mtu. Barua mbili zikibishana, ya tatu ndiyo shahidi. Na wanachama walikuwa themanini na kitu, wengi wao hapa hapa, wengine unatupa jiwe tu unampata. Alijua kazi hiyo haitachukua nusu saa.

Ilichukua asubuhi yote.

Maingi, dereva wa lori, alimkaribisha vizuri hadi neno barua lilipotajwa. "Yangu iko Kitui, Sajini. Iko kwa mama, ndani ya sanduku, na ufunguo uko shingoni mwake. Mama haionyeshi hata mimi."

"Kwa nini uipeleke Kitui na ploti iko Njiru?"

"Nairobi kuna moto, kuna mafuriko, kuna shemeji."

Nzau, mchongaji wa vinyago, alisema yake iko kwa mchungaji, imeombewa, haijarudi. Wa tatu alisema panya wamekula. Wa nne akasema yeye hana ploti wala hajawahi kuwa na ploti, na sauti ya mkewe ikatoka jikoni, "Si ile uliyoficha kwa gunia la—" na yeye akapatwa na kikohozi kikubwa mpaka mlango ukafungwa. Wa tano, seremala wa Kariokor mwenye miwani, ndiye pekee aliyesema ukweli.

"Dada yangu, nitakuambia bila kukuficha. Wewe ni polisi. Leo nakuonyesha barua, kesho nasikia ploti ni ya Inspekta."

"Nzivo anafungwa leo. Unamjua Nzivo."

"Namjua sana. Hizi nilizovaa ni kazi yake." Akainua mguu kumwonyesha akala. "Na huko ndani yuko peke yake. Tukienda wawili tutamsaidia nini?"

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Jua la Ziwani likawa linatoka chini na juu. Kanyiva alikuwa amebisha milango kumi na mmoja, amekunywa chai vikombe vitatu visivyo na maana, na hakuwa ameona karatasi hata moja. Alipofika mfereji wa mwisho wa mtaa, mama mmoja aliyekuwa akijaza mtungi, ambaye bila shaka alijua shida yake tangu mlango wa pili, akamwambia bila kumtazama:

"Wewe unatafuta kilichofichwa. Tafuta mtu asiyejua kuficha. Nenda kwa Waridi."

Kwa Waridi hakukuhitaji kubisha. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo, na viatu vya kike kumi na vinne vilikuwa kizingitini. Ndani wanawake saba walikuwa wakichambua mchele wa harusi ya mpwa wa Waridi na wakati huo huo wakimchambua bwana harusi. Kanyiva akavua viatu, akasalimu, akasogezewa sinia kabla hajaulizwa jina.

"Karibu mwanangu, chambua," akasema Waridi, mama mnene wa kucheka, mtandio umeteleza mabegani. "Polisi nao wana vidole. Umekuja kwa ajili ya Nzivo, eti? Maskini. Yule hawezi kughushi hata ugonjwa."

"Mama, una barua ya ploti?"

"Ninayo? Kwani hukuiona unaingia?"

Kanyiva akageuka. Ukutani, baina ya picha ya harusi na saa ya Makka, barua ya Kikundi cha Mwangaza ilikuwa imetiwa fremu ya dhahabu, kioo kinang'aa, kitambaa cha kufuma kimetundikwa juu yake kama ushungi.

"Miaka thelathini nalipa kodi nyumba ya watu," Waridi akasema. "Niifiche ya nini? Mgeni akiingia, kabla hajakaa, ajue ameingia kwa mwenye ploti."

"Naweza kuitoa?"

Vidole vikasimama. Mchele ukakoma kudondoka. Waridi akaitazama barua yake, akamtazama Kanyiva, akajipangusa mikono polepole kwenye leso.

"Utairudisha mwenyewe. Na usiishike hapo kati."

Kanyiva akaitoa kwenye fremu kwa ncha za vidole, akaenda mlangoni, akaiinua kwenye jua. Ploti kumi na tisa. Akasogeza macho hadi pale chini ya mshazari.

01-01-80. 01:05.

Akaisoma mara mbili. Akageuza karatasi, akaisoma kwa nyuma.

"Imesemaje?" akauliza Waridi.

Kanyiva akaiinua tena juani. Waridi akanyanyuka, akaja, akanyoosha shingo, akaona tarakimu. Ukelele alioutoa ulifika Kariokor.

"Uwii! Yangu nayo ya uongo! Jamani, nimeitundika ukutani! Nimewaonyesha wakwe!"

Nyumba nzima ikasimama. Mmoja akasema ndiyo maana yeye hakujiunga. Mwingine akasema mwongo, ulikataliwa. Katika zogo hilo mwanamke mwembamba aliyekuwa pembeni, jina lake Habibo, muuza vitambaa, akageukia ukuta, akaingiza mkono kifuani, akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na barua, laini na yenye joto kama chapati.

"Na hii itazame," akasema. "Tuzikwe pamoja."

Ploti sitini na mbili. 01-01-80. 03:40.

Sasa Kanyiva akaketi. Akaomba kalamu, akaandika saa zote tatu kwenye kiganja: moja na dakika tano, mbili na kumi na saba, tatu na arobaini. Tarehe ile ile moja, saa tofauti, zote ndogo.

"Mama Waridi, siku ulipochukua barua, ulifika ofisini saa ngapi?"

"Mapema. Nuha alikuwa bado hajanywa chai. Ilikuwa saa tatu tu."

"Na wewe, Habibo?"

"Karibu adhuhuri. Nilichelewa sala."

"Na Nuha hufungua saa ngapi?"

"Saa mbili kamili, labda awe mgonjwa."

Kanyiva akahesabu kwa kidole juu ya kiganja. Saa mbili ukiongeza saa moja na dakika tano ni saa tatu na dakika tano. Saa mbili ukiongeza tatu na dakika arobaini ni saa sita kasoro dakika ishirini. Na Nzivo, kwenye maelezo aliyoyaandikisha kituoni, maelezo ambayo Inspekta hakuyamaliza kuyasoma, alisema alipewa barua yake baada ya mama wa mandazi kupita, saa nne na robo hivi. Saa mbili ukiongeza mbili na dakika kumi na saba.

Ile haikuwa saa ya mchana wala ya usiku. Ilikuwa ni muda tangu mashine iwashwe.

"Mama, tulia," akasema, akiirudisha barua kwenye fremu kwa mkono uliokuwa na haraka. "Yako ni ya kweli. Zenu zote ni za kweli. Niazimeni hizi mbili hadi jioni."

"Na fremu?"

"Pamoja na fremu."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mjomba wake Nuha. Stima zilikuwa zimerudi saa tano na nusu, na foleni ilikuwa imejaa hadi nje: wa barua za kazi, wa kadi za harusi, wa kuuliza bei. Nuha, msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye vidole vya kasi na subira ndogo, alikuwa bado hajaiwasha mashine.

"Niwashie nione," Kanyiva akasema.

"Foleni, Sajini."

"Nzivo naye yuko kwa foleni. Washa."

Mashine ikanguruma, ikakohoa. Kwenye kioo cheusi yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza. Kidole cha Nuha kikagonga Enta mara mbili, tap tap, kabla Kanyiva hajamaliza kusoma neno la kwanza.

"Ilikuwa inauliza nini hapo?"

"Hapo? Tarehe. Na saa. Inauliza kila asubuhi."

"Na wewe unaijibu nini?"

"Siijibu. Betri yake ya ndani ilikufa kabla sijaajiriwa. Ukiizima inasahau kila kitu, ikiamka inadhani ni mwaka wa themanini. Ukigonga Enta inakubali." Akainua mabega. "Nani ana muda, na watu wote hawa?"

"Kombo anajua?"

"Kombo alikuja mara moja na diski yake, akaweka, akaondoka anaringa. Hakuuliza."

Mwanamume mmoja kwenye foleni akacheka. "Kumbe ploti zetu zilitolewa nikiwa nursery!"

"Wewe nyamaza," Nuha akamwambia. "Kadi zako zina makosa matatu na sijakuambia."

Kanyiva akavuta kiti. "Nifungulie diski ya barua. Nataka orodha ya faili na tarehe zake, hata kama ni za uongo."

Nuha akaitoa kabatini kwa ufunguo wake wa akiba, akaiingiza, na orodha ikapanda kioo mstari kwa mstari. P01, P02, P03, kila faili na nambari ya ploti yake, na kando ya kila moja tarehe ile ile moja ya mwaka wa themanini. Kanyiva alizifuata kwa ncha ya kalamu. P45. P46. P47. Halafu kalamu ikasimama.

P47B. 18-04-97.

"Hii ni nini?"

Nuha akainama. Mara ya kwanza tangu Kanyiva aingie, vidole vyake vikatulia. "Hii si yangu. Mimi siweki B."

"Aprili kumi na nane ulikuwa wapi?"

"Si ndiyo ilikuwa Idd? Ya kuchinja. Mjomba alifunga duka, tukaenda wote Mombasa. Tulirudi Jumatatu."

"Nani mwingine ana ufunguo wa ofisi?"

Foleni nzima ikaegemea mbele kusikia. Nuha akageuza shingo. Alitazama tu kabati lililokuwa pembeni, lenye kibao kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri: KATIBU.

Kanyiva akatazama saa. Saa sita kasoro dakika nane. "Zima mashine," akasema. "Na nyinyi wote, atakayefungua mdomo akiingia mtu, namwandikisha kuwa shahidi na atakuja mahakamani kila mwezi hadi azeeke."

Pakawa na kimya ambacho mtaa huo ulikuwa haujawahi kukisikia mchana.

Mzee Ndete akafika saa sita kamili. Alikuwa amefanya kazi masijala ya serikali miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na alitembea bado kama mtu anayebeba faili. Akasalimu foleni, akamsalimu Kanyiva, akakung'uta kiti kwa leso kabla ya kukaa.

"Nimesikia umezunguka sana, Sajini. Ungeningoja tu."

"Nisamehe, mzee. Ni kazi tu. Hakimu anaweza kutaka kujua barua halali hutengenezwaje, na mimi hizi mashine sizielewi. Nuha naye anasema vidole vinamuuma. Ungenifanyia moja, niione tangu mwanzo? Yoyote tu. Hata yako mwenyewe."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu kuiwasha."

Alifurahi, hilo lilionekana. Akarekebisha tai, akasogeza kiti, akabonyeza swichi. Mashine ikanguruma, ikakohoa. Maandishi meupe yakatokea. Mzee Ndete akavuta mkono wa shati, akatazama saa yake kubwa, ile yenye kidirisha cha tarehe, na kwa kidole kimoja, taratibu, akachapa siku, mwezi na mwaka. Mashine ikauliza ya pili. Akatazama tena, akachapa saa na dakika.

Kwenye foleni mtu akavuta pumzi kama aliyechomwa sindano. Kanyiva akamtazama, naye akaiachilia.

Dakika nne baadaye printa ikatema karatasi. Kanyiva akaichukua ikiwa moto, akaiinua dirishani, halafu akazipanga barua zote mezani: ya Waridi na fremu yake, ya Habibo na mikunjo yake, ya Nzivo, ya Thuo, na hii mpya.

"Mzee, nionyeshe iliyo tofauti."

Ndete akainama, akavaa miwani, akazisoma moja moja. Akachukua muda. Alipofika ya tatu, mkono wake ulienda kwenye tai.

"Mwaka wa themanini," akasema polepole. "Zote?"

"Barua zote themanini na tatu. Nimeona orodha. Betri ilikufa zamani, na Nuha hugonga Enta tu. Barua yenye tarehe sahihi ilitoka siku moja peke yake: siku ya Idd, ofisi imefungwa, Nuha yuko Mombasa. Na sasa hivi nimeona ni nani hapa anayejibu swali la mashine."

"Mtu yeyote mwenye akili angelijibu."

"Katika ofisi hii ni wewe peke yako. Kwa nini hukuifuta ile faili, mzee? P47B."

Kwa mara ya kwanza Ndete akaonekana kuudhika kweli. "Kufuta nakala? Miaka ishirini na sita sijawahi kutupa nakala. Hiyo ndiyo njia ya kuharibu ofisi."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Ploti ilikuwa imelala," Ndete akaendelea, sauti imeshuka, anazungumza na meza. "Mwezi mzima Nzivo hajapeleka hata toroli la mchanga. Thuo alikuwa na mawe tayari, ana mabati tayari. Nilifikiri Nzivo hatakuja kujua hadi amegawiwa nyingine. Sikumwambia mtu amfunge."

"Jana ulipomwona amefungwa ulisema nini?"

Ndete akazinyoosha barua kingo zilingane. Kanyiva akatoa pingu. Nuha akageuka pembeni, na yule wa kadi za harusi akavua kofia, hakujua kwa nini.

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Kanyiva akairukia simu ya ofisi. Ilikuwa na kufuli kwenye duara la nambari, kufuli dogo la shaba lililokaa pale kwa adabu.

"Ufunguo!"

"Anao katibu," akasema Nuha.

Ikabidi Sajini Kanyiva ampekue mshukiwa wake mwenyewe, mfuko kwa mfuko: kitambulisho, kalamu tatu, dawa za mgongo, ndipo funguo. Akapiga mahakamani. Laini ikawa bize. Akapiga tena, akapata duka la nyama. Mara ya tano akapata ofisi ya kiongozi wa mashtaka.

"Nzivo? Yule wa ploti?" ikasema sauti ya upande wa pili, mdomo una chakula. "Huyo tumemaliza, Sajini. Hakimu aliwahi, tukamsomea saa tano. Amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kughushi. Hakimu alimpa nakala ya barua yake, ile ya jaladani, aitazame. Akaiinua, akaitazama, akasema, ni kweli Mheshimiwa, hii imeandikwa mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tatu. Haiwezi kuwa ya kweli. Basi. Hukumu ni saa nane."

Kanyiva akaweka simu chini. Akaiokota tena akaiweka vizuri, kwa kuwa mara ya kwanza ilikuwa imekosa mahali pake.

Land Rover ya kituo haikuwaka hadi foleni yote ilipotoka kuisukuma, wa barua za kazi na wa kadi za harusi, Nuha mbele yao akipiga makofi, Mzee Ndete kiti cha nyuma na pingu, fremu ya Waridi mapajani mwake kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiweka.

Walifika saa nane na dakika kumi. Nzivo alikuwa kizimbani, mtu mfupi mwenye mikono minene, vidole vimekatwakatwa na kisu cha mpira. Kiongozi wa mashtaka alimsikiliza Kanyiva kwa uso wa mtu aliyeharibiwa Ijumaa, akasimama, akaomba ruhusa, akaeleza. Barua zikapanda juu kwa hakimu. Hakimu, mama wa miwani ya mnyororo, akaziinua moja moja kwenye dirisha, na chumba kikangoja hadi ya tano.

"Mshtakiwa," akasema. "Mahakama inakuruhusu kubadilisha jibu lako. Je, uliighushi barua hii?"

Nzivo akamtazama Kanyiva, akamtazama Ndete mlangoni, akamtazama mkewe, Kathini, aliyekaa benchi la nyuma na leso mkononi.

"Mheshimiwa, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Asubuhi nilisema ndiyo. Sasa nikisema hapana, si nitakuwa nimedanganya mahakama?"

Kuna waliocheka. Hakimu hakucheka. Akavua miwani.

"Asubuhi ulisema ndiyo kwa nini?"

"Karatasi ilinishinda, Mheshimiwa. Mimi najua sikughushi. Lakini karatasi ilikuwa inasema nilighushi, na imeandikwa kwa kompyuta. Nikaona labda ni mimi nimesahau."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Jibu likabadilishwa: si kweli. Lakini shtaka halingeondolewa hadi afisa aliyelifungua atie saini, na afisa aliyelifungua alikuwa Inspekta Matheka, na Inspekta Matheka alikuwa ameondoka saa saba kwenda mazishi Machakos. Dhamana? Karani wa dhamana alikuwa ametoka kula na hakuna aliyejua anakula wapi. Kesi itatajwa Jumatatu. Hadi hapo, rumande.

"Mheshimiwa, mtu huyu hana kosa!" Kanyiva akasema, kwa sauti ambayo sajini hapaswi kuitumia mahali hapo.

"Najua, Sajini," akasema hakimu. "Ndiyo maana nimeiandika Jumatatu na si mwezi ujao."

Askari wa mahakama akamshika Nzivo kiwiko. Nzivo akateremka kizimbani bila ubishi, akapinda kichwa kwenye ule mlango mfupi wa kwenda chini, akapotea.

Kanyiva alipotoka nje alimkuta Kathini ukumbini, amesimama wima kabisa, leso imekunjwa mara nyingi mkononi mwake.

"Jumatatu saa ngapi?" Kathini akauliza.

"Saa tatu."

"Hakimu huyu huyu?"

"Huyu huyu. Na Inspekta nitamleta mimi mwenyewe, hata kama ni kwa pingu."

Kathini akaikunja leso mara moja zaidi.

"Basi mimi nitafika saa kumi na mbili alfajiri," akasema, "nisije nikapatwa na foleni."

Na akaketi kwenye benchi la ukumbi, akavua viatu vyake vya kanisani, akatoa mkobani akala alizoshonewa na Nzivo, akazivaa, akaanza safari ya kurudi Kariokor.